Siku Gitaa Langu Lilipopotea Kanisani

"Mwangaluka mayu," nilimsalimia kwa Kisukuma. Ibada ya kwanza ilikuwa imekwisha, watu wanatoka, mimi nimeinama nakunja kebo. Mama huyu anaimba kwaya ya akina mama, umri wake ni wa kunizaa, na si mtu wa kukaa na neno moyoni. Aliitikia, akaliangalia gitaa, akaniangalia na mimi. "Baba, leo hicho kidude kimeharibika? Maana nilikuwa naona vidole vinatembea tu, sauti siisikii."

Nilicheka, ila neno lile lilinikaa. Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza kupiga na pikapu mpya, kile kidude cha chini ya nyuzi kinachogeuza mtetemo wake kuwa umeme, na pikapu yenyewe niliinunua kwa hela iliyokuwa ya tairi la nyuma la pikipiki. Nilikuwa nimechoka kufunikwa na kinanda. Tangazo la muuzaji lilisema kilo-omu 16, "moto mkali". Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka nasimama mbele ya kidato cha nne nachora koili na sumaku ubaoni. Lakini namba ile niliisoma kama mtoto anavyosoma idadi ya pipi kwenye pakiti: iliyokuwemo kwenye gitaa ina kilo-omu 7 kasoro, hii ina 16, basi sauti itakuwa zaidi ya mara mbili. Nikatuma hela, kifurushi kikaja na basi kutoka Dar es Salaam.

Kuelewa kosa langu kulinichukua karibu miezi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliimalizia kwenye kibanda cha fundi mmoja pale Makoroboi.

Kwanza hilo jina. Hapa Mwanza ukisema pikapu, mtu anaona gari lenye bodi wazi linalotoka Mwaloni Kirumba na magunia ya dagaa. Niliwahi kuuliza kwenye duka la vyombo vya muziki kama wana pikapu, kijana akaniambia niulize yadi ya magari. Baadhi ya wapigaji wenzangu wanaita "maiki ya gitaa", na hilo nadhani ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu maiki inasikia hewa. Pikapu haina habari na hewa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, unauchezesha uga wa sumaku. Uga ukicheza ndani ya koili, umeme kidogo unazaliwa. Ni jambo alilolionyesha Michael Faraday mwaka 1831, wala hakuwa na gitaa. Ndiyo maana ukifunga nyuzi za nailoni, hata zile ngumu za kuvulia sangara, gitaa la umeme litakunyamazia.

Umeme wenyewe ni kidogo. Ukichapa nyuzi kwa nguvu unapata sehemu ya volti moja, ukipiga taratibu ni milivolti tu. Kila kitu kinachofuata, kebo, mixa, amplifaya, kinafanya kazi na hicho kidogo, na kila kimoja kina uwezo wa kukiharibu njiani.

Fundi wangu kazi yake hasa ni sabufa na redio. Kibandani kwake sabufa zimelala zimefunguliwa matumbo, na kuna kiti kimoja cha mteja ambacho mguu wake mmoja ni tofali. Nilimpelekea pikapu ya zamani, iliyotoka kwenye gitaa, nikamwambia tuipasue. Alichana utepe mweusi wa pembeni kwa wembe, polepole, kama anayefungua barua ya mtu. Ndani kulikuwa na waya wa rangi ya asali, umelala safu juu ya safu. Akaukamata mwanzo wake kwa kibano, akauvuta kidogo, halafu akapumua tu. Ukakatika. "Ticha," akasema, "huu si waya, huu ni utando wa buibui."

Waya unaotumika sana kwenye pikapu una unene wa milimita 0.063, usiozidi unywele. Pikapu ya mtindo wa Stratocaster, gitaa ambalo Fender walilitoa mwaka 1954 na ambalo langu ni nakala yake ya bei rahisi, huzungushiwa kama mara 8,000. Nilikaa na kalamu pale pale. Waya wa unene huo una ukinzani wa omu 5 na nusu hivi kwa kila mita. Pikapu ya kilo-omu 6, kwa hiyo, ina waya wa mita 1,100. Gitaa moja la namna hiyo lina pikapu tatu. Ukiunganisha waya wake wote unapata kilomita 3 na ushee, yaani unavuka daraja la Kigongo–Busisi kutoka mwanzo hadi mwisho na kipande kinabaki mkononi. Fundi alikataa. Tukarudia hesabu kwenye simu yake, akaiangalia ile koili mezani, akasema, "Na mimi nilikuwa naitupa."

Sasa hiyo kilo-omu. Unapoweka mita kwenye pikapu, unachosoma ni ugumu wa umeme kupita kwenye waya, basi. Waya ukiwa mrefu, namba inapanda. Ukiwa mwembamba, inapanda pia. Chukua pikapu ya waya wa milimita 0.063, uitengeneze upya kwa waya wa 0.05, mizunguko ileile, sumaku ileile: ukinzani unapanda kwa zaidi ya nusu, na hakuna hata mzunguko mmoja ulioongezeka. Kununua pikapu kwa kilo-omu ni kukadiria uzito wa samaki kwa urefu wa kamba iliyomvua.

Kuna siku fundi alidhani mita yake imekufa. Ile yangu ya moto tuliipima saa mbili asubuhi, ikasoma 16.2. Nilirudi kutoka shule saa nane mchana, bati la kibanda linawaka, tukaipima tena: 16.8. Akabadilisha betri ya mita. 16.8. Ni shaba tu. Kila nyuzijoto moja ikipanda, ukinzani wa shaba unaongezeka kama sehemu 4 kwa 1,000, na kati ya asubuhi na mchana kibanda kile kinapanda nyuzi kumi bila shida. Kwa hiyo wale wanaobishana kama pikapu fulani ni ya 8.1 au 8.3, ningependa kwanza kujua waliipima wakiwa wamekaa wapi.

Simaanishi namba haina kazi kabisa. Kwa pikapu mbili za muundo mmoja, waya wa unene mmoja na sumaku moja, yenye kilo-omu zaidi ina mizunguko zaidi, na itatoa volti zaidi. Tatizo ni kwamba mizunguko hiyo inakuja na bili.

Koili ina tabia ya kukataa mabadiliko ya haraka. Wenye fizikia tunaita induktansi na tunaipima kwa henri, lakini kwa mpigaji maana yake ni hii: sauti nyembamba, ile tiii ya ukucha kwenye uzi, ndiyo mabadiliko ya haraka, na koili nene inaikalia. Pikapu ya kawaida ya Strat, yaani Stratocaster, ina henri 2 na kitu. Humbucker za mwanzo za Gibson, pikapu za koili mbili, zina kama 4 na nusu. Pikapu ya moto kama JB ya Seymour Duncan, yenye kilo-omu 16 na kidogo, inafika henri 8 hivi.

Halafu kuna kebo, na hapa ndipo nilipojishika kichwa. Kebo ya gitaa ni kapasita ndefu: waya wa katikati na wavu wa nje vimekaa jirani, na kila mita inaongeza kama pikofaradi 100. Koili na kapasita vikikutana vinafanya kama bembea. Kuna kasi moja ambayo ukiisukuma bembea inapanda juu sana, na kupita hapo inakataa kukufuata. Gitaa nalo lina kilele: masafa fulani yanachomoza, na juu ya hapo sauti inaporomoka. Kilele kikikaa wapi ndiyo toni unayoisikia. Maneno yote ya wauzaji, joto, asali, kioo, ni kuzungukazunguka swali la kilele kiko wapi na kina urefu gani.

Kanisani kwetu Nyakato mixa iko nyuma, jukwaa liko mbele, na kebo niliyokuwa natumia ni ya mita 10. Hiyo ni pikofaradi 1,000 hata kabla hujagusa uzi. Ukipiga hesabu, pikapu ya henri 2.4 kwenye kebo hiyo kilele chake kinakaa kwenye hezi 3,200 hivi. Ya henri 8 kinashuka hadi kama 1,800. Sikio la binadamu lina makali zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Huko ndiko zinakokaa konsonanti zinazotufanya tuelewe mtu anasema nini kwenye daladala iliyojaa. Mimi nililipa hela kulitoa gitaa langu huko na kulihamishia chini, chumbani kwa kinanda, sauti ya tatu na sauti ya nne, ambako tayari watu wamebanana. Mita ya mixa ilionyesha gitaa lipo na lina nguvu kuliko zamani. Mama wa kwaya hakuangalia mita.

Na sijamaliza aibu yangu. Kebo ile ilichomekwa moja kwa moja kwenye tundu la kawaida la mixa, lile la kinanda. Kinanda kina umeme wake ndani, kinaweza kulisukuma tundu la kilo-omu 10 bila kuhema. Pikapu haiwezi. Inataka tundu linalobeba kwa wepesi, kama megaomu 1, vinginevyo trebo, zile sauti nyembamba, yote inanyonywa, na kadiri koili ilivyo nene ndivyo inavyonyonywa zaidi. Makanisa mangapi nimepita, kutoka Igoma hadi Pasiansi, nikasikia gitaa lina sauti ya mtu anayeongea ndani ya blanketi, nikadhani mpigaji ndiye hajui? Dawa yake ni kisanduku kidogo kinachoitwa DI, au swichi ya gitaa ambayo mixa nyingi za siku hizi zinayo kwenye tundu moja au mawili. Yetu inayo. Ilikuwa pale, imeandikwa, miaka yote. Fundi mitambo wetu aliponibonyezea, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, ulikuwa hujui?"

Basi tukaamua kulinganisha kwa haki. Jumamosi moja kabla ya mazoezi tulikuwa wanne: mimi, fundi mitambo, mpiga besi na mpiga kinanda. Gitaa moja, nyuzi mpya, nafasi ya daraja, yaani pale karibu na nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Tulikuwa na pikapu tatu. Kwanza mwenzake wa ile tuliyoipasua, kutoka kwenye gitaa lenyewe: ukiigeuza chini unaona vipande viwili vyeusi vya sumaku ya feraiti vimegandishwa kwa gundi, na vile vichwa sita vya juu ni misumari ya chuma tu. Ndivyo zilivyo pikapu za magitaa mengi ya bei ya chini. Ya pili fundi wa Makoroboi aliitoa kwenye gitaa lililovunjika shingo safarini: kilo-omu 5.8, na vichwa vyake sita vyenyewe ndivyo sumaku, za aloi ya alumini, nikeli na kobalti iitwayo alniko. Ya tatu ile ya moto, yenye reli mbili na koili mbili zilizobanwa ndani ya nafasi ya moja.

Kubadilisha kila moja ni kulegeza nyuzi, kupiga solda, kukaza nyuzi na kutuni upya. Ilichukua saa mbili, na katikati umeme ukakatika, tukasubiri jenereta. Kila pikapu nilipiga kipande kilekile: kodi chache za ridhimu, kisha solo fupi ya sebene juu kabisa ya shingo.

Tuliposikiliza mara ya kwanza, wote wanne tulichagua ya reli. Bila ubishi. Ilikuwa imejaa, ina kifua. Nikaanza kujiuliza kama mama wa kwaya hakuwa na mafua. Ndipo fundi mitambo akasema hizi hazilingani sauti, hii moja iko juu. Akazisawazisha kwenye kompyuta. Ya reli ilibidi ishushwe karibu desibeli 5. Tukageukia ukutani, yeye akacheza bila kutuambia ipi ni ipi. Safari hii mimi na mpiga kinanda tulichagua ya alniko. Fundi mitambo, ambaye alikuwa anajua, naye akasema ile ile. Mpiga besi alibaki na ya reli, lakini yeye hata chai anaitaka nzito.

Jambo hilo naliona kubwa kuliko mengine yote niliyojifunza. Sikio likipewa vitu viwili, kimoja kimezidi kidogo tu kwa sauti, halisemi "hiki kina sauti kubwa". Linasema "hiki ni kizuri". Desibeli moja inatosha kulidanganya. Tangu siku hiyo, video za kulinganisha pikapu nazitazama kama ninavyotazama mizani ya mwenye duka.

Halafu tukaweka rekodi ya kwaya na kinanda juu yake. Ya reli ikazama. Ya alniko, iliyokuwa inasikika nyembamba na karibu ya kuudhi ikiwa peke yake, ikakaa juu ya waimbaji kama ndege kwenye mwamba. Ile ya feraiti ilikuwa katikati, na nikiri kwamba ni nzuri kuliko sifa yake. Ukiniambia huna hela, nitakwambia kaa nayo, bonyeza swichi ya mixa, nunua kebo fupi.

Kwa nini basi kuna pikapu za moto? Zilikuwa na kazi yake. Mtengeneza pikapu Larry DiMarzio alipotoa ile aliyoiita Super Distortion mwaka 1972, yenye feraiti na kilo-omu kama 13, wapigaji wa roki walikuwa na amplifaya za valvu, zile taa za kioo za zamani. Valvu ukiisukuma kwa volti nyingi inajaa, na kujaa kwake ndiyo ule mngurumo wanaoutaka. Pikapu ilikuwa mkono wa kuisukuma valvu. Kwetu hakuna valvu ya kusukuma. Tuna mixa na spika zenye umeme wake, na ukizisukuma unachopata ni taa nyekundu.

Na sisi wa ukanda huu hatujawahi kutaka mngurumo. Gitaa la ziwani ni la kuchomoza. Benga ilikua upande wa pili wa maji, kwa Waluo, na D. O. Misiani aliyeiongoza Shirati Jazz alizaliwa Shirati, huku huku kwetu mkoa wa Mara. Sikiliza gitaa lolote la benga au la sebene ya Kikongo: uzi mmoja mmoja unahesabika, kama matone ya mvua kwenye bati. Muziki wa namna hiyo ukiupigia pikapu nene unakuwa umemvika mkimbiaji koti la baridi. Ningelifikiria hilo mapema, pikipiki ingekuwa na tairi.

Kuna jambo moja ambalo ya reli inazishinda zile nyingine wazi wazi, nalo ni mvumo. Koili moja ni antena. Taa za tyubu za kanisani, transfoma ya adapta, soketi zisizo na ethi, vyote vinaiimbia hezi 50 za umeme wetu na nduguze 100 na 150. Wakati wa maombi ya kimya, gitaa langu la alniko linaomba kwa sauti. Nimegundua nikigeuka robo mzunguko kuelekea mimbari mvumo unapungua sana, kwa hiyo ukiniona nimesimama upande kama askari wa gwaride, sina makuu. Dawa ya kudumu aliipata Seth Lover wa Gibson mwaka 1955: koili mbili, sumaku zimegeuzana, waya nao umegeuzana. Ishara ya uzi inajumlishwa, mvumo unaokuja kutoka nje unajifuta. Ziliingia kwenye magitaa ya Les Paul mwaka 1957. Watu leo wanaabudu zile za kwanza, zenye stika ya kusema hati miliki imeombwa, kumbe wazungushaji hawakuwa makini sana na idadi ya mizunguko, ndiyo maana moja inasoma 7 na nyingine inakaribia 9.

Njia ya kati ipo kwenye Strat nyingi za sasa: pikapu ya katikati imegeuzwa, hivyo ukiweka swichi nafasi ya pili au ya nne, mbili zinafanya kazi pamoja na mvumo unakufa. Ridhimu zangu zote sasa ziko nafasi ya nne. Solo narudi kwenye daraja na kuuvumilia.

Kosa langu jingine lilikuwa la jikoni. Pikapu ya feraiti ilikuwa inapiga mluzi nikipandisha sauti, kwa sababu waya ndani ulikuwa umelegea na unatetemeka wenyewe. Tiba inajulikana: unaichovya kwenye nta iliyoyeyuka mpaka mapovu yaishe, nta ikiganda waya unatulia. Nilipata nta ya nyuki ya Tabora, nikachanganya na mishumaa, robo kwa robo tatu hivi. Kilichotakiwa ni joto la nyuzi 65, chombo ndani ya maji ya moto, taratibu. Mimi nikaweka sufuria juu ya jiko la mkaa na kwenda kufungua geti. Niliporudi, plastiki ya pikapu ilikuwa imejikunja kama sambusa. Mluzi uliisha, ndiyo, na sauti nayo ikaisha. Sufuria ilikuwa ya mke wangu. Yeye ndiye aliyeniuliza ni lini nitarudi kununua vitu vinavyotembea, kama tairi.

Kabla hujanunua chochote, chukua bisibisi. Skrubu mbili za pembeni zinapandisha na kushusha pikapu, na milimita moja tu inabadilisha sauti kuliko mwezi mzima wa kusoma matangazo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima kwa rula ya shule: kama milimita 2 upande wa besi, na pungufu kidogo upande wa trebo, ni pa kuanzia. Usijidanganye kwamba karibu zaidi ni bora zaidi. Sumaku za alniko zina mvuto. Zikikaribia sana zinaushika uzi, noti za juu zinayumba, na utakesha unatuni gitaa ambalo halina kosa.

Ya reli nilimuuzia kijana anayepiga bendi ya baa kule Kirumba. Ana amplifaya yake mwenyewe, pedali ya distoshen na kebo ya mita 3. Nilikwenda kumsikia. Kwake ilinguruma vizuri mno, mpaka nikajutia bei niliyomfanyia.

Alniko iko kwangu, kwenye daraja. Mama wa kwaya hajasema neno tena, ila Jumapili iliyopita nilimwona anatikisa kichwa kwenye solo, na kama ninavyomjua, angekuwa na la kusema angelisema. Kilichobaki ni uzi wa tatu. Sumaku sita za pikapu hii hazilingani urefu, na ya uzi wa tatu imechomoza kuliko zote, kwa sababu muundo huu ni wa miaka ya 1950 na wakati huo uzi wa tatu ulikuwa mnene, umeviringishiwa waya, na ulihitaji kusogezewa sumaku. Wa siku hizi ni mtupu, una kelele za kutosha, na kila nikiupitia unapiga ukelele juu ya wenzake. Nilimuuliza fundi kama tunaweza kuisukuma ile sumaku chini kidogo, milimita moja tu. Aliishika pikapu, akaigeuza kwenye mwanga. Waya umezungushiwa juu ya sumaku zenyewe, hakuna kitu katikati. Akanirudishia mkononi.

"Isukume wewe, ticha. Ila ikikatika, kile kilomita kimoja hunikuti nakizungusha mimi."